Ndoana ya Mizani: Ishara katika Hadithi za Imani, Kutoka kwa Nathani Hadi Kwetu

Miaka kadhaa iliyopita, kabla hatujafika Igamba, tulikuwa tunatumika katika usharika mmoja wa wakulima wa kahawa. Msichana mmoja wa kwaya ya vijana alituletea hadithi aliyoitunga kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno. Ilikuwa kurasa nne za daftari. Mama mjane anapeleka kahawa yake kavu kwa mnunuzi wa kijijini. Mizani inaning'inia kwenye boriti ya sebule ya mnunuzi, ile mizani ya ndoana tunayoifahamu sote. Gunia linapimwa, mama anasikia kilo zikitajwa, anajua si kilo zake, ananyamaza. Jioni ile ile ibada ya nyumba kwa nyumba inafanyika katika sebule hiyo hiyo. Mnunuzi anaishusha mizani na kutundika taa kwenye ndoana ile ile ili watu waone kusoma Neno. Hadithi inaishia hapo, mjane akiwa ameketi na Biblia mapajani, anaitazama ndoana.

Siku aliyoisoma mbele ya kwaya, watu walikaa kimya kwa muda. Mmoja wa wazee wa kanisa aliyekuwapo hakuipenda. Alisema ni hadithi nzuri ya kidunia lakini haimtaji Yesu, haina mstari wa Biblia, na mwisho wake hauna fundisho. Sisi tuliona hoja ina uzito, na tukamwomba binti aongeze aya moja ya mwisho yenye maelezo: mizani ni Neno la Mungu, ndoana ni dhamiri, mjane ni kanisa, taa ni Roho Mtakatifu. Akaongeza. Siku ya sikukuu akaisoma, watu wakapiga makofi, tukaendelea na mnada wa mazao. Binti yule hakutuletea hadithi nyingine. Na yule mzee, wasomaji mtakuwa mmeshabuni, alikuwa mnunuzi wa kahawa, na manung'uniko juu ya mizani yake tulikuwa tumeyasikia.

Tumeombwa kuandika juu ya hadithi na imani katika kitabu hiki, nasi tumeona tuanze na kosa letu wenyewe. Ishara, au taashira kama wanavyoiita walimu wa fasihi, ni kitu ndani ya hadithi kinachobeba zaidi ya uzito wake. Kanisa limeitumia tangu zamani, na mara nyingi limeiharibu kwa namna tuliyoiharibu sisi. Historia yake inaweza kutusaidia, hasa sasa ambapo vijana wengi wa sharika zetu wanaandika michezo ya Pasaka, ngonjera na hadithi za kwenye simu.

Turudi kwanza kwa Nathani, katika 2 Samweli 12. Nabii anaingia kwa mfalme aliyetwaa mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Anamsimulia habari ya tajiri na maskini. Maskini ana mwana-kondoo mmoja tu. Tazama jinsi Nathani anavyomkuza mnyama huyo: amelelewa pamoja na watoto wa nyumba, anakula chakula cha bwana wake, anakunywa kikombeni mwake, analala kifuani pake. Nathani hana haraka. Daudi alikuwa mchungaji wa kondoo kabla ya kuwa mfalme, alijua harufu ya mwana-kondoo na uzito wake mkononi, na kwa hiyo aliwaka hasira kwa ajili ya kondoo kabla hajajua kwamba hukumu anayoitoa ni yake. Kama Nathani angeanza kwa kusema kwamba kondoo ni Bathsheba na tajiri ni wewe, tunadhani walinzi wangemtoa nje. Maelezo yalikuja, lakini yalikuja baada ya hukumu, na yalikuwa mafupi kuliko hadithi.

Sisi tulifanya kinyume. Tulimpa mtuhumiwa maelezo yanayohusu kanisa zima na dhamiri kwa jumla, naye akatoka salama, tena akipiga makofi.

Mwaka 1530 Martin Luther alikaa miezi kadhaa katika ngome ya Coburg. Wenzake walikuwa Augsburg, ambako Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni. Yeye hakuweza kwenda kwa sababu alikuwa amewekwa nje ya ulinzi wa sheria ya dola. Akiwa humo alifanya mambo mawili yanayohusu somo letu. La kwanza Walutheri wengi wanalijua. Tarehe 8 Julai alimwandikia Lazarus Spengler wa Nürnberg barua ya kueleza maana ya nembo yake: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, moyo ndani ya waridi jeupe, waridi katika uwanja wa rangi ya mbingu, na pete ya dhahabu kuzunguka vyote. Kila rangi ina sababu. Msalaba ni mweusi kwa kuwa unaumiza, lakini unauacha moyo na rangi yake. Waridi ni jeupe kwa kuwa furaha ya imani si ya namna ya ulimwengu. Pete haina mwisho. Wakati wa kumbukumbu ya miaka 500 ya Matengenezo, mwaka 2017, waridi hili lilivaliwa kwenye vitenge na fulana, na pengine wengi walilivaa bila kukumbuka kwamba katikati yake mna kitu cheusi kinachouma.

La pili halijulikani sana. Katika ngome hiyo hiyo, mwaka huo huo, Luther alianza kuandika upya kwa Kijerumani ngano za Esopo, kama ile ya mbwa-mwitu na mwana-kondoo. Hakumaliza, nazo zilichapishwa baada ya kifo chake. Mtu ambaye maisha ya matengenezo yake yalikuwa hatarini aliona inafaa kutumia saa zake kwa hadithi za wanyama. Aliziona kuwa shule nzuri ya kuwafikishia ukweli watu wasiopenda kuambiwa ukweli, watoto kwa watawala.

Ikumbukwe kwamba Luther huyu huyu alikuwa mkali kwa wahubiri waliogeuza kila kitu katika Maandiko kuwa fumbo, mpaka punda wa Msamaria Mwema na senti za mwenye nyumba ya wageni wapate maana ya siri. Tulipokuwa chuo cha teolojia tulifundishwa onyo hilo vizuri sana, pengine vizuri kupita kiasi. Tulitoka tukiogopa mafumbo yote, na ndiyo sababu moja tulipokutana na hadithi isiyojieleza tulikimbilia kuifungia maelezo. Lakini kulivisha Andiko fumbo ambalo halikuwa nalo ni jambo moja, na mtunzi kuweka ishara katika hadithi yake mwenyewe ni jambo jingine. Luther alilikataa la kwanza na kulifanya la pili.

Kitabu kilichopeleka ishara za Kikristo mbali kuliko vyote, ukiiacha Biblia, ni kile cha John Bunyan ambacho kwa Kiswahili kinafahamika kama Safari ya Msafiri. Bunyan alizaliwa karibu na Bedford, Uingereza, mwaka 1628, akawa fundi wa kuziba masufuria, mtu wa kuzunguka na zana zake. Alifungwa kuanzia mwaka 1660 kwa kuhubiri bila kibali na akakaa gerezani miaka 12. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka mwaka 1678, ya pili 1684. Ametuambia mwenyewe kwamba kitabu alichokithamini kuliko vingine, baada ya Biblia, ni ufafanuzi wa Luther juu ya Wagalatia. Kwa hiyo hata tunapomsoma Bunyan hatuko mbali sana na nyumbani.

Katika dibaji yake Bunyan anaeleza kwamba alipowaonyesha marafiki kazi hiyo waligawanyika. Wengine walisema ichapishwe, wengine walikataa kwa kuwa mambo ya wokovu hayapaswi kusemwa kwa hadithi za kubuni. Tuliposoma jambo hilo tulikumbuka kikao chetu cha wazee. Yeye alichapisha.

Wamisionari wa nchi nyingi walikibeba kitabu hicho, kikatafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, nyingi zikiwa za Afrika. Wahusika wake wana majina yanayojitangaza: Mkristo, Mwaminifu, Jitu Kukata Tamaa. Mtu akisema ishara za namna hii ni rahisi, hatutabishana naye. Lakini angalia mzigo wa yule msafiri. Bunyan haelezi tu kwamba mzigo ni dhambi. Anatufanya tuone jinsi unavyompinda mgongo, jinsi anavyozama nao matopeni kwa sababu yake, na jinsi unavyomfunguka mbele ya msalaba na kuviringika mpaka unatumbukia katika kaburi lililo wazi. Mwandishi aliwahi kutembea na mizigo. Mama wa Igamba anayeshuka na gunia la mahindi kichwani anaelewa shingo ya mtu huyo kabla hajaelewa teolojia yake. Ni hapo ndipo Bunyan anakaa karibu na Nathani, kwenye mwili wa kitu chenyewe. Pale anapojieleza mno, na yapo mazungumzo marefu ya mafundisho katika kitabu chake, tunakiri kwamba tumewahi kuruka kurasa.

Kwetu Tanganyika, hadithi ya ishara iliyo kuu haikuandikwa na Mkristo. Shaaban Robert, Mwislamu aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuleta mema kutoka pande zote, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini, na namna nchi ilivyowalipa kwa kifungo wale walioirudia na habari njema.

Mwandishi huyu alikuwa karani katika ofisi za serikali ya kikoloni. Uhuru ulikuwa bado miaka 10. Asingeweza kuandika waziwazi kwamba nchi isiyowapa watu wake sheria wanayoielewa inawafunga bora wao. Basi akaitundika nchi hewani, akaipa wakuu wake majina ya tabia, na msomaji wa Tanga au Mwanza aliyewahi kusimama mbele ya meza ya bwana shauri alijua mara moja nchi hiyo iko wapi. Na uzuri wake haukwisha bendera ilipobadilika. Kila kizazi cha wanafunzi kimesoma Kusadikika na kumtambua Majivuno wake.

Tunakitaja kitabu hiki kwa wakristo kwa sababu mbili. Msomaji wa Biblia hawezi kusoma habari za wajumbe wale bila kukumbuka mfano wa wakulima waliowapiga na kuwaua watumwa wa mwenye shamba, katika Marko 12. Hatusemi Shaaban Robert aliutoa huko. Tunasema kweli inajulikana hata ikija kwa mlango wa jirani. Na sababu ya pili: Karama anashtakiwa, naye anajibu kwa hadithi. Kuna mambo ambayo mdogo hawezi kumwambia mkubwa ila kwa hadithi. Binti yetu wa kwaya alikuwa na umri wa miaka 19. Angesimama mkutanoni aseme mzee fulani anapunja? Mila isingemruhusu, na sisi wachungaji tungekuwa wa kwanza kumkumbusha heshima. Alitafuta njia moja aliyokuwa nayo, tukaiziba.

Sasa tuje kwa kitabu ambacho baadhi ya wazazi watatulaumu kwa kukitaja. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari ya Kikatoliki, na mwaka 1971 akatoa riwaya ya Rosa Mistika. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye ikaingizwa katika vitabu vya kusomwa. Jina lake ni Kilatini, waridi la fumbo, na ni moja ya majina ambayo Wakatoliki humwita Bikira Maria katika litania. Msichana Rosa anabeba jina hilo. Mama yake anaitwa Regina, yaani malkia, naye anapigwa na mumewe mlevi, Zakaria. Baba anamchunga binti kwa fimbo. Barua ya mvulana inapopatikana anampiga vibaya. Rosa anakua bila kujua lolote juu ya wavulana isipokuwa woga, na anapotoka chini ya mkono wa baba hana kinga yoyote. Anaharibikiwa, na mwisho anajiua.

Kezilahabi haandiki mahali popote aya ya kutueleza jina lile. Analiacha juu ya kitabu kizima kama msumari. Kila Rosa anapoitwa, msomaji aliyelelewa kanisani anasikia sala, na anachokiona mbele yake ni mtoto aliyepigwa. Tulipokisoma tukiwa vijana tulikisoma kwa siri na kwa sababu zisizo nzuri. Tulipokirudia tukiwa tayari tunabatiza watoto, jina lilitukamata. Tunawapa watoto majina mazuri mbele ya madhabahu, Neema, Baraka, Tumaini, kisha tunawarudisha katika nyumba ambazo hatuingii mpaka kuwe na msiba. Waridi la Luther limeelezwa rangi kwa rangi na linatufariji. Waridi la Kezilahabi halikuelezwa, na hatujaweza kulisahau. Tunayahitaji yote mawili, lakini kwa mtunzi wa hadithi tungependekeza amfuate mwalimu wa pili.

Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya naye, katika riwaya yake ya mwaka 1967, alichukua jina kutoka kwenye chembe ya ngano ya Yohana 12, inayokaa peke yake isipokufa. Katika kitabu hicho watu wanamngojea shujaa wao Mugo ahutubie siku ya uhuru, na Mugo anasimama na kukiri kwamba ni yeye aliyemsaliti Kihika. Tafakari hapo ni nani chembe iliyokufa: aliyenyongwa, au aliyeiua sifa yake mbele ya watu wote? Mwandishi anakuacha na swali.

Ngano hiyo inatukumbusha jambo la karibu. Huku Mbozi ngano si zao la kila shamba. Mchungaji anaposoma Yohana 12, anayemsikiliza huwaza mahindi, na ni sawa, mahindi nayo huoza chini. Wamisionari wa Moravian walioanzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899 walilijua tatizo hilo kila siku. Traugott Bachmann alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, likachapishwa mwaka 1913, na pia alikusanya ngano za Wanyiha zikachapishwa Ujerumani. Tunapenda kuona kazi hizo mbili pamoja. Mtu anayetafuta neno la kumpa Mnyiha mfano wa Bwana alihitaji kwanza kukaa na kusikiliza Wanyiha wenyewe wanafumbaje.

Ila kuna mtego katika vitu vya kwetu pia. Si mbali na hapa, Ndolezi, kuna kimondo cha Mbozi, donge la chuma lenye urefu wa kama mita tatu, na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Watu wa nje walilitambua mwaka 1930. Kila tunapowaambia vijana waandike hadithi yenye ishara, nusu yao huleta kimondo. Kimeanguka kutoka mbinguni, basi ni Kristo. Au ni Shetani, kwa kuwa naye alianguka. Au ni hukumu. Kitu ni kikubwa na cha ajabu, lakini katika hadithi hizo hakuna mtu anayekigusa. Hakuna mtoto aliyekipanda akachomwa na chuma kilichokaa juani tangu asubuhi. Mtunzi ameona ukubwa wa kitu utamfanyia kazi. Ndoana ya mizani ni kipande cha chuma cha kuenea kiganjani, na ilibeba zaidi.

Mwaka huu hapa Igamba tuliwapa wanafunzi wa kipaimara kazi ya kuandika hadithi fupi. Mvulana mmoja ameandika juu ya kamba ya ndoo ya kisima, iliyoungwa na vipande vya kanga ya bibi yake aliyefariki. Kila wanapoteka maji fundo la kanga linapita mikononi mwao. Hakuandika zaidi ya hapo. Tulishika kalamu nyekundu tukaanza kuandika pembeni: je, kamba ni nini? Tukafuta. Tukaandika tu kwamba angetaja rangi ya kanga.

Jioni hiyo tulitafuta namba ya yule binti wa mizani. Sasa ni mama wa watoto wawili, anafanya biashara Tunduma. Tulimwomba radhi, ingawa kwa simu ni vigumu, na tukamwuliza kama bado anayo hadithi ya kwanza, ile isiyokuwa na aya yetu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mchungaji, ile aya niliiandika kwenye karatasi ya pembeni. Daftari sijaligusa." Yuko tayari kutuma nakala kwa basi, kwa sharti moja: isomwe kanisani msimu wa kahawa, wanunuzi wakiwapo, na atakayesoma akifika mwisho aketi. Tumekubali. Bahasha bado haijafika, na huku matunda ya kahawa yameanza kuwa mekundu.